Mguu wangu unalijua chemko

Cherehani yangu ni ya miguu. Ya umeme ninayo pia, iko kwenye kona ya kibanda changu hapa Temeke, lakini gauni na sare za harusi nazishona kwa kukanyaga, maana mguu unanipa mwendo ninaoutaka mimi, na umeme ukikatika kazi haisimami. Redio iko juu ya kabati la vitambaa. Nikifungua asubuhi nawasha, nikifunga jioni nazima. Nimeshona hivyo kwa miaka 23.

Mwaka jana, Ramadhani ikielekea ukingoni, nguo za Idi zimenijaa mpaka mezani, nilikuwa naunga mkono wa gauni la mtoto. Redioni wakaweka kibao cha zamani cha Mlimani Park, bendi ya dansi. Mwanzo wake ni wa taratibu. Sauti mbili zinasimulia kisa, na magitaa yanatembea chini yake kama watu wanaorudi sokoni huku wakizungumza. Nashona, nasikiliza. Mara nikashtuka sindano imeshaipita alama ya chaki, kitambaa kimejikunja, na mguu wangu unakwenda mbio. Sikuwa nimeamua kuongeza mwendo. Bendi ilikuwa imeingia kwenye chemko, ile sehemu ya mwisho ambapo kisa kimeisha na wimbo unapamba moto watu wacheze, na mguu ukaifuata bila kuniuliza.

Nikakaa nafumua. Wakati nafumua wakaweka wimbo wa siku hizi, mzuri tu, kijana ana sauti na maneno yake yanaeleweka. Nikaanza kushona tena. Dakika mbili na nusu wimbo ukaisha, na mguu ulikuwa kwenye mwendo uleule ulioanza nao. Siku hiyo ndiyo nilianza kulifikiria kwa dhati swali wanalobishania wateja wangu kila siku kwenye lile benchi la mlangoni: hivi muziki wa sasa umepoteza ladha, au sisi ndio tumezeeka?

Wa umri wangu hujibu upesi kwamba umekufa, vijana nao wanasema wazee mna wivu. Mimi siwezi kusimama upande wowote kwa urahisi hivyo, na sababu yake ni bibi yangu.

Bibi mzaa baba alikuwa mtu wa Tanga. Taarab yake ilikuwa ya udi, fidla na ganuni, watu wameketi, wanatikisa kichwa tu. Vikundi vya Tanga kama Black Star na Lucky Star vilipoingiza gitaa la umeme na mwendo wa kuchezeka, bibi alisema taarab imegeuzwa dansi, na hakubadili neno hilo mpaka anaingia kaburini. Sauti ya Shakila, mwimbaji wa vikundi hivyo, ambayo leo ikipigwa redioni wanawake wazima tunaacha kazi tukafuta machozi, kwa bibi ilikuwa sauti nzuri iliyopangishwa nyumba isiyo yake. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema "muziki wa zamani ndio muziki", namuuliza moyoni: zamani ya nani?

Zamani yangu mimi ilikuwa ya baba. Alikuwa dereva wa mabasi ya UDA, yale Ikarus, na akitoka zamu alikuwa anakaa barazani na redio yake ya National yenye sehemu ya kaseti, kidole kiko tayari juu ya kitufe cha kurekodia. Ikifika Klabu Raha Leo Show hapo Radio Tanzania, nyumba nzima tunanyamaza. Alikuwa na kaseti zaidi ya 60 ndani ya boksi la sabuni, na kila moja ameiandika kwa mkono wake, wino wa bluu: Juwata, Mlimani Park, Vijana Jazz, Maquis, Polisi Jazz. Kwenye kaseti nyingine, katikati ya gitaa la solo, anasikika mama akiita, "Njooni mle." Nilizijua nyimbo zile pamoja na sauti ya mama. Hadi leo kuna kibao kimoja kikipigwa redioni bila ile "njooni mle", nakiona kina pengo.

Tulikuwa tunaishi Kigogo. Desemba 2011 mto Msimbazi ulipofurika, maji yalifika madirishani. Sisi tulitoka wote salama, na namshukuru Mungu, maana kuna majirani ambao hawakutoka. Boksi la kaseti lilikuwa chini ya kitanda. Nilizianika juu ya bati, moja moja, nikazifungua kwa bisibisi ndogo ninayotumia kwenye cherehani, nikaosha ule mkanda mwembamba kwa maji safi kwa vidole, kama unavyoosha uzi wa hariri ulioingia tope. Zilizokubali ni tatu. Baba hakusema kitu. Alizipanga tatu zile mezani, akazigeuza mgongo upande wake ili asome mwandiko. Alifariki 2014, mwaka uleule aliotuacha mwimbaji Muhidin Gurumo, ambaye alikuwa NUTA Jazz tangu 1964, akaenda kuijenga Mlimani Park ilipoanzishwa 1978, na akamalizia Msondo, yaani bendi ileile ya NUTA kwa jina jipya. Kwangu mimi misiba ile miwili imefungwa kwenye kanga moja.

Sasa nije kwa mtoto wa kaka yangu. Ana miaka 24, anaishi Mbagala, ni produsa. Studio yake ni chumba alicholala utotoni, ukutani amegongomelea magodoro ili sauti isirudi. Mwezi uliofuata ile Idi nilimpelekea zile kaseti tatu azihamishie kwenye kompyuta kabla hazijaniacha. Akanikaribisha kiti, akaniwekea feni, tukasikiliza pamoja. Kufika katikati ya kibao kimoja akasimamisha. "Shangazi, hii besi ni noma. Nikate kipande niijengee biti?" Nikamwambia kata, baba.

Kwenye programu yake, FL Studio, kuna mistari ya wima iliyopangana kama mistari ya daftari la hesabu. Unaiambia kompyuta mapigo mangapi kwa dakika, na hiyo ndiyo inakuwa sheria mpaka wimbo uishe. Akapima mwanzo wa kibao: 98. Akauvuta ukakaa sawa kwenye mistari. Ubeti mmoja haujaisha, ngoma zikaanza kutoka mstarini. Akapima tena: 101. Akaruka mbele kwenye chemko: 109. Karibu na mwisho, saksafoni na matarumbeta yakiwa yameingia: 113. Akageuka kunitazama. "Shangazi, hawa watu wanakimbia!"

Akasema si tatizo, atainyoosha. Akakata pigo moja moja akalisogeza mpaka kwenye mstari wake. Kazi ya saa nzima, na niliipenda ile subira yake, maana ni subira ya fundi. Alipomaliza akapiga.

Sauti zilikuwa zilezile. Magitaa yaleyale, solo, second solo na rhythm, kila moja na njia yake. Hata ule mkwaruzo wa kaseti ulikuwepo. Lakini nilijisikia kama naangalia picha ya marehemu aliyevalishwa vizuri. Mguu wangu chini ya meza ulikuwa umelala. Sikutaka kumvunja moyo, nikanyamaza, ila yeye mwenyewe akaivua hedifoni polepole, akasema, "Imekuwa kama biti zangu."

Tukarudi kwenye ile isiyonyooshwa, tukaisikiliza kwa kuisogeza kidogo kidogo. Hapo akanionyesha kitu ambacho sikio langu lilikuwa linakijua bila kuwa na jina lake. Besi inachelewa. Kila mara, unywele tu, inaingia baada ya dramu. Tumba yenyewe inatangulia. Ni kama watu wawili wanaopitisha kitanda mlangoni: mmoja anavuta, mwingine anazuia kidogo ili kona isigonge, na kitanda kinapita kwa sababu hawaendi sawasawa. Ukiwalazimisha waende sawasawa, kinakwama. Pale ndipo penye utamu wote, na ndipo kompyuta ilipokuwa inapasafisha kama uchafu.

Kuna watu wanailaumu ile mashine ya kunyoosha sauti, Auto-Tune. Ilitoka 1997, na aliyeitengeneza, Andy Hildebrand, alikuwa ametoka kwenye kazi ya kuchambua mawimbi ya sauti yanayotumwa ardhini kutafuta mafuta. Mimi siilaumu sana. Nimeshasikia vijana walioipitisha sauti yao humo na bado wakanifanya nishushe mkasi. Kilio cha kweli kinapenya.

Kilichobadilika, kwa ninavyoona, ni chumba. Wanamuziki wa bendi za baba walikuwa waajiriwa. Vyombo vilikuwa mali ya chama au shirika: NUTA ya wafanyakazi, Vijana Jazz ya umoja wa vijana wa chama, Mlimani Park ikaja kuwa ya DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam, polisi na jeshi nao walikuwa na bendi zao. Mtu anaamka asubuhi anakwenda mazoezini kama mimi ninavyokuja kibandani, na mwisho wa mwezi ana mshahara. Wimbo unatungwa, unapikwa na watu kumi, unapelekwa ukumbini watu waucheze, ukionekana mzito sehemu fulani unarekebishwa, ndipo siku moja bendi nzima inapanda gari kwenda studio za Radio Tanzania kule Barabara ya Pugu. Wanapiga wote kwa pamoja, chumba kimoja, na mkanda unazunguka. Mmoja akikosea wanarudia wote. Nchi haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, zilichapwa Nairobi, kwa hiyo kwa bendi nyingi ule mkanda wa redio ndio ulikuwa kila kitu. Sasa fikiria, wanafika pale wameshaupiga wimbo mara mia. Mpiga besi anajua mpiga dramu akivuta pumzi maana yake nini.

Wala sisemi enzi zile zilikuwa pepo. Nimekula unga wa yanga, nimepanga foleni ya sukari nikiwa na miguu midogo. Na wengi wa wanamuziki wale waliotulea kwa sauti zao wamezeeka mikono mitupu, jambo ambalo linaniuma kila wanapopigwa redioni. Nasema tu kwamba walikuwa na kitu kimoja ambacho kijana wetu hana: muda wa kukaa pamoja ambao mtu mwingine ameulipia.

Mtoto wa kaka yangu analipwa kwa biti. Anaitengeneza usiku peke yake, anaituma kwa WhatsApp kwa mwimbaji aliye Mwanza, yule anarudisha sauti aliyorekodi chumbani kwake, mwingine anamiksi. Wimbo unaweza kuingia sokoni na waliouimba na kuupiga hawajawahi kuonana. Na sokoni kwenyewe kuna sheria yake. Aliniambia kwamba kwenye Spotify mtu anahesabiwa amesikiliza akifika sekunde 30. Kwa hiyo koras lazima ije mapema, msikilizaji asije akaondoka. Hodi ya kisa, ule mwanzo ambao mtu anasimama mlangoni anaeleza alikotoka na kilichomkuta, haina nafasi tena. Chemko la baba lilikuwa linakuja dakika ya nne, wakati mwingine ya tano, na lilikuwa na nguvu kwa sababu tulilingojea. Maji hayachemki kwa nusu dakika.

Hapo ningeishia, ningekuwa nimekubaliana na wazee wenzangu. Lakini kuna jambo lilinitokea mtaani kwangu ambalo sina budi kulisema, maana lingenifanya mwongo.

Singeli nilikuwa siipendi. Mapigo 200 na zaidi kwa dakika, kwangu ilikuwa kelele za usiku zinazonizuia kulala. Kisha jirani yangu akaoza binti yake, na sare za mkesha nilishona mimi, kwa hiyo sikuweza kukosa. DJ ana laptopu na spika mbili kubwa, MC ana maiki, turubai limefungwa kukatiza njia. Mama mwenye shughuli akaingia uwanjani na dada zake wanne, noti mkononi, wanakuja kumtunza MC. MC alikuwa katikati ya maneno yake. Akayaacha. Akaanza kuwataja, mmoja mmoja, na mtaa waliotoka. Na DJ, nilikuwa nimekaa karibu namwona mkono, akakishika kipande kifupi cha kinanda akakizungusha. Akakizungusha. Hakukiachia. Anawatazama wale dada miguuni. Wa mwisho, mnene, mwenye goti bovu namjua, alikuwa bado hajafika mbele. DJ akamsubiri. Yule dada alipofika, akainua mkono wenye noti, ndipo DJ akaachia ngoma yote kwa mpigo, na watu wakapiga kelele mpaka turubai likatikisika.

Lile lilikuwa chemko. Sina jina jingine la kuliita. Kompyuta ile ile, mistari ile ile ya daftari, lakini kulikuwa na mtu anayemtazama mtu. Na baadaye nikaja kuambiwa kwamba singeli ilipoanza, ma-DJ wa uswahilini walikuwa wanazungusha vipande vya taarab huku MC akiimba juu yake. Nikamkumbuka bibi. Taarab ile aliyosema imepotea Tanga ilikuwa imefika Manzese na Tandale kwa njia aliyokuwa hawezi kuiota, inakimbia mwendo ambao hata mguu wangu hauuwezi.

Ndiyo maana siku hizi nikiulizwa pale kwenye benchi, najibu kwamba ladha ipo palepale watu wanapotazamana. Popote wanapopigiana muziki uso kwa uso ipo, iwe dansi, iwe singeli, iwe kwaya ya kanisa la mtaa wa pili ambayo wanafanya mazoezi Alhamisi na nazima redio ili niwasikie.

Baadaye nilimchukua yule kijana twende kusikiliza dansi. Ukumbi haukujaa, na hilo liliniumiza. Watu kama 30, wengi wao umri wangu na kuzidi, soda na bia mezani, taa moja ya rangi. Hakukaa na mimi. Alisimama pembeni ya mpiga dramu chemko zima, amewapa mgongo wachezaji, macho kwenye mikono. Bendi ilipopumzika akamfuata mpiga besi, mzee mwembamba mwenye miwani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani, mzee. Kliki mnaisikilizia wapi?"

Mzee hakulielewa neno. Kijana akaeleza: ile sauti ya tik-tik masikioni ya kuwaweka kwenye mwendo mmoja. Mzee akafikiri kidogo. Akasema yeye anautazama mguu wa mpiga dramu. Mpiga dramu naye anawatazama wale. Akaonyesha kwa kidevu akinamama wawili waliovaa kitenge cha aina moja, ambao tangu tufike hawajakaa. Sare ile sikuishona mimi, lakini mabega yalikuwa yamekaa vizuri, na nikaona walivyokuwa wakicheza, mmoja anatangulia unywele, mwenzake anamfuata.

Kwenye daladala ya kurudi Mbagala hakuongea. Vidole tu vilikuwa vinagonga kwenye goti, na nilisikia kwamba havigongi sawasawa.

Wiki iliyopita akanitumia faili. Dakika sita na sekunde 40. Amemwita rafiki yake mpiga besi, na kijana anayepiga tumba kanisani, yeye akakaa kwenye kinanda, wote watatu ndani ya chumba kile cha magodoro, kliki imezimwa. Niliiweka jana mchana nikiwa napiga pindo la sketi ya mteja. Mwanzo wanasitasita, tumba inapotea mara mbili, besi inamngojea kinanda na kinanda kinamngojea besi. Nikaendelea kushona. Dakika ya nne kuna mahali tumba ilipata njia, kinanda kikanyamaza ghafla kuipisha, na besi ikakaa nyuma yake, pale pale.

Nimelifumua lile pindo. Kisha nikamwandikia: baba, rudieni mara 20, halafu nitumie tena.